Fungua na Gurudumu la Pili

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani tangu nikiwa bibi harusi mchanga katika nyumba ya baba yako, na jana umeirudisha yote bila kujua. Ulinitumia picha kwenye simu: kipande cha chuma chenye kutu, kimelala juu ya kitambaa. Chini umeandika, "Maman, ni silenda ya breki ya ile gari ya zamani nilinunua. Ya mbele, kushoto. Iangalie vizuri, uniambie ni ya aina gani nikaitafute." Nikavaa miwani, nikaiangalia. Niliitambua mara moja. Lakini sikuweza kukujibu, simu nikaiweka mezani kama kitu kinachochoma.

Basi naandika. Mimi si mtu wa kalamu kubwa, shule niliiachia la sita, na haya ninayoandikaga jioni ni mambo ya nyumbani tu. Huenda nitachanganya mahali. Baba yako nimemsomea maneno haya kabla ya kuyatuma, kwa sababu yanamgusa, na alipomaliza kusikiliza alisema, "Andika. Usinipunguzie, lakini usiniongezee." Nitajaribu hivyo.

Wakati ule koko yako, mama ya baba yako, alikuwa anauza vipande vya gari vilivyotumika, pale soko la Kadutu. Wewe ulimkuta amezeeka, mkono uko kwenye rozari. Mimi nilimkuta na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Sokoni walimwita Mama Bahati, kwa jina la baba yako, mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikaa kando yake, nasugua vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipanga, vya breki huku, vya injini kule. Baba yako alikuwa fundi, na garaje yake ilikuwa kiwanja cha wazi nyuma ya soko, bila hata bati.

Mteja wa siku zile hakuja na jina la kipande. Nani angelijua jina? Magari mengi yalikuwa yamewazidi madereva wake umri. Mtu alikuja na kipande chenyewe kibovu, amekifunga kwenye karatasi, tukikiita eshantiyo. Unakipima kwa macho, unakipima kwa kidole, unampa kinachofanana nacho. Ndivyo Bukavu nzima ilivyonunua, na siwezi kusema ilikuwa njia mbaya, maana ilituendesha miaka mingi. Ila kwa breki koko yako alikuwa na ugumu wake. Hakukubali eshantiyo moja. "Leta na ya upande mwingine," ndivyo alivyosema kwa kila mtu. Watu walimcheka. Walisema Mama Bahati anatafuta kuuza mbili mahali pa moja. Hata mimi niliwaza hivyo, nisidanganye.

Sasa Alhamisi ile akaja Papa Deo, mtu wa Bagira, kule juu mlimani, mwenye gari la Wafaransa la rangi ya maziwa. Ungeuliza mtu yeyote mjini angekuonyesha gari hilo. Lilikuwa gari la harusi. Jumamosi ukisikia honi ukatoka mlangoni, ni lenyewe linapita, maua mbele, bibi harusi nyuma, watoto wanalikimbilia. Papa Deo alikuwa anacheka tangu mbali.

"Mama Bahati! Leo unihudumie mbio. Keshokutwa, Samedi, naolesha Noela."

"Noela ule mudogo?"

"Mudogo gani? Ananipita urefu! Atashuka Bagira ndani ya gari ya baba yake. Si ya kuomba, si ya kukodisha. Ya baba yake."

Akafungua karatasi. "Ya mbele kushoto. Iko natoka mafuta, pedale inashuka mpaka chini."

Nikaipokea mimi. Kwa sababu utahitaji kujua, nikuambie kidogo: katika gari la namna ile, ndani ya kila gurudumu kuna kitu kama sufuria iliyofunikwa, mafundi wanaiita ngoma. Ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki, na katikati yake silenda ndogo. Ukikanyaga, mafuta yanakimbia katika mrija, yanaingia katika silenda, silenda inasukuma viatu, viatu vinaibana ngoma. Bila silenda, unakanyaga hewa. Nikaingiza kidole changu kidogo katika tundu, nikageuza, nikaangalia herufi zilizochorwa katika chuma. Katika sanduku letu nilikuwa na kama hiyo. Nikafurahi sana, nilikuwa bado najifunza.

"Maman, iko! Hii hapa, pacha wake!"

Koko yako akazipokea zote mbili, akaipima moja kwa nyingine, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Halafu akaiweka ya kwetu chini ya kitenge chake, katika mapaja.

"Na ya kuume iko wapi?"

"Ya kuume iko ndani ya gurudumu, Mama Bahati, inatumika. Haina neno."

"Uliiona?"

"Sasa nifungue gurudumu muzima juu ya nini? Mutu akiumwa jino la kushoto, munganga anang'oa na la kuume?"

Wenye meza za jirani wakacheka. Na mimi nilicheka.

"Deo, ile gari ilikuwa ya nani mbele yako?"

"Ya yaya yangu, mukubwa wangu marehemu. Si unajua."

"Na mbele ya yaya yako?"

"Ya père, padri mumoja wa Wazungu! Unataka nikufufulie bote?"

"Sikiliza. Gari ya namna ile mafundi wengi waliivalisha. Kila mumoja alitia yenye alipata. Kushoto inaweza kuwa kubwa, kuume ndogo. Nikikupatia mupya ya kushoto, na ya kuume haifanane nayo, siku utakanyaga na nguvu gari itageuka. Na ndani kuko mutoto."

"Inavutaka kushoto kidogo," Papa Deo akasema, bila kufikiri, kama mtu anayetaja kikohozi cha mzee wake. "Lakini nilishaizoea. Nikikanyaga breki, naikaza kuume, inatii. Gari ya uzee iko na tabia yake."

Koko yako hakucheka. Akageuka kwangu. "Nenda uite bwana yako. Achukue kriki na funguo zake."

Baba yako nilimkuta amelala chini ya gari la Jeep, miguu tu iko nje. Nikamwambia anaitwa, ni gari la Papa Deo wa Bagira, gurudumu la mbele la kuume. Miguu ikatulia. Akatoka polepole.

"Ile gari ya yaya wake?"

"Kwani kuko ingine?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, mikono ilikuwa imekwisha kuwa safi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikafikiri ni jua. Kisha tukafika mezani, na kabla hata ya kusalimia akasema, "Maman, umuuzie tu hii ya kushoto. Ile ya kuume iko muzima."

"Uliiona lini?"

"Kitambo."

"Kitambo si leo. Twende."

Mwanangu, niliuona uso ule. Nilikuwa nimelala kando ya mtu huyu miezi michache tu, lakini ilitosha kujua kwamba hakuwa mgonjwa wala hakuwa na njaa. Nikanyamaza. Nilidhani mke mgeni anayenyamaza ndiye mke mzuri.

Tukapanda Bagira. Katika parseli, kiwanja cha nyumba ya Papa Deo, harusi ilikuwa imekwisha kuanza kunukia: wanawake wanatwanga majani ya sombe, sufuria kubwa kubwa zimepangwa ukutani, na Noela amekaa kwenye kizingiti anasukwa, upande mmoja wa kichwa umemalizika na mwingine umesimama kama moto. Gari lilikuwa uani, limesimamishwa juu ya mawe, gurudumu la kushoto limetolewa.

"Karibuni, Maman," Noela akasema. "Mumekuja kusuka na gari pia?"

Wote tukacheka, isipokuwa baba yako, aliyekuwa amepiga magoti tayari, anaweka kriki kuliinua upande wa kuume.

Ngoma ilikataa kutoka. Akaipiga kwa nyundo, amefunga kitambaa ili isipasuke, akaipiga kwa kuizunguka, mpaka ikaachia kwa mlio ambao ulinikereza meno. Ikatoka.

Nikashangaa kabla ya kuelewa. Gari linaloshuka Bagira kila juma, ngoma yake ndani inapaswa kung'aa kama sahani, na viatu vyake viwe vimeliwa. Hii ilikuwa nyekundu kwa kutu, pande zote, kama chungu kilichosahauliwa nje ya nyumba. Viatu vilikuwa vinene, havijasuguliwa. Koko yako akainama. Akachukua ufunguo mikononi mwa baba yako, akafungua mwenyewe mrija wa mafuta pale unapoingia kwenye silenda. Mafuta yalipaswa kudondoka. Hakikudondoka kitu. Akachukua msumari, akachokonoa katika mdomo wa mrija, na ikatoka goroli ndogo ya chuma, ikaanguka juu ya jiwe, ikabingirika mpaka kwenye mguu wa Papa Deo.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kizibo," koko yako akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nataka uelewe kwamba na yeye alishtuka. Alikuja kutafuta silenda ndogo na kubwa, vipande viwili visivyofanana. Hakuja kutafuta hili. "Mutu alifunga njia ya mafuta. Huu mguu hauna breki, Deo. Haukuwa nayo. Gari yote ilikuwa nashikwa mbele na ule mguu wa kushoto peke yake."

Na ule wa kushoto ndio uliokuwa unatoa mafuta.

Kinu kilinyamaza. Sijui wanawake walisikiaje, walikuwa mbali kidogo, lakini wote waliacha kutwanga.

"Nani?" Papa Deo akasema. "Nani alitia kitu kama hii?"

"Ni miye," akasema baba yako.

Mwanangu, nilimwangalia kama mtu ninayemwona barabarani kwa mara ya kwanza. Bado alikuwa amepiga magoti. Mimi nikashika ukingo wa gari, nikauachia haraka kwa sababu nililiogopa gari lenyewe. Mke wa Papa Deo alipiga yowe moja fupi akajiziba mdomo kwa upande wa kitenge. Papa Deo akakaa chini, pale pale, katika udongo, na suruali yake nzuri.

"Nilibebaka mutoto wa dada yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeota. "Nilibebaka bibi arusi wa kule Chai, na tumbo yake. Nilibebaka padri na koral yake, wanaimba... Na siku ya mvua..." Akaangalia mikono yake. Halafu akasimama ghafla na ufunguo wa magurudumu mkononi, ule mzito, na Noela akaruka kutoka kizingitini na nywele zake nusu, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili. "Papa! Papa, hapana! Muache aseme kwanza!"

Basi baba yako akasema. Nitaandika alivyosema, na hapa ndipo naomba uwe mwenye haki, hata kama ni baba yako, hata kama unamkasirikia. Ilikuwa wakati wa vita, barabara zimefungwa, hakuna kipande kilichoingia mjini. Yaya wa Papa Deo alimjia asubuhi, silenda ya kuume imepasuka, na mke wake yuko anakufa kijijini, hakuna gari lingine. Baba yako akatafuta katika sanduku za mama yake, akatafuta soko zima, hakuna. Akaziba mrija kwa goroli ya beringi ili mafuta yasimwagike na miguu mingine ibaki na breki. Akamwambia, nenda polepole, rudi polepole, kesho uniletee tuitengeneze vizuri. Yule akaenda, akarudi na mke wake mzima. Kesho hakuleta. Alisema juma lijalo. Halafu juma lingine. Halafu akaugua, akafa, na gari likaenda kwa mdogo wake.

"Na weye uliiona ikipita na mabibi arusi," koko yako akasema.

"Niliiona."

"Haukusema."

"Niliwaza aliitengeneza kwa fundi mwingine."

"Uliwaza, ao uliomba?"

Baba yako akaiangalia ile goroli. "Niliomba, Maman."

Kati ya wale wanawake wa kutwanga akasimama mmoja, mjane wa yule yaya. Akasema kwa upole, karibu kwa aibu, "Lakini siku ile, bila ile gari, miye ningelikufa." Hakuna aliyejua neno hilo aliweke wapi. Mpaka leo na mimi sijui vizuri. Ila liko, na lazima liandikwe, kwa sababu ni kweli.

Nilitegemea koko yako atapiga kelele. Alikuwa mwanamke wa kelele. Hakupiga. Akajifuta mikono, akasema na mwanawe kama vile uani hapakuwa na mtu mwingine.

"Bahati. Kule sokoni batu habajue jina yangu. Bananiita na jina yako. Kila kipande naliuzishaka, naliuzisha na jina yako. Kutia hii goroli haikuwa mubaya, ningelikuwa fundi ningeliitia. Lakini sikia. Kama huyu mutoto angelishuka Samedi, akafika kule chini ni maiti, batu bangelisema gari ya Deo ilianguka. Bangelisema Deo ni muzembe. Hakuna mutu angelisema Bahati. Ungelilala, ungeliamuka, ungelikula, na jina yako safi. Unasikia vile inatisha? Safi kabisa."

Baba yako alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Halafu koko yako akageuka kwa Papa Deo. "Na weye usisimame hapo kama mutakatifu. Gari ilikuwa nakuambia kila siku, 'niko naumwa, niko naumwa.' Weye unaikazia mukono na unasema tabia."

Na mwisho kwangu, mkwe wake, wakati nilifikiri amenisahau. "Na weye mukamwana. Kule sokoni uliona uso ya bwana yako. Niliona vile uliona. Heshima ya bwana haiko kufunga mudomo."

Neno hilo liliniumiza kuliko ninavyoweza kuandika, na kwa muda mrefu niliona hakunitendea haki. Nilikuwa mgeni katika nyumba yao, nani angenisikiliza? Nimelipima miaka yote hii. Bado naona nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Na bado naona alikuwa na sababu ya kunigombeza. Yote mawili.

Ijumaa tulifanya kazi ambayo unapaswa kuijua wewe mwenye gari la zamani. Tuliziosha silenda zote mbili, ya kushoto na ya kuume, tukazilaza juu ya kitambaa kimoja. Kwa mbali zilikuwa ndugu. Koko yako akatoa pistoni ya moja akaiingiza katika tundu la nyingine: ikaingia na kucheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Basi ule utofauti aliouhofia sokoni nao ulikuwepo. Ya kuume ilikuwa kubwa. Hata kama isingekuwa imepasuka, tungetoa goroli peke yake na kutia mafuta, gari lingeacha kuvuta kushoto na kuanza kuvuta kuume, na tungedhani tumelitengeneza. Akajaribu na nati ya mrija kwa vidole, bila ufunguo. "Ikigoma kwa vidole usiilazimishe na chuma," akaniambia. "Ni wuzi wa nati ya gari ingine. Ukilazimisha itaingia, na itakuacha kwenye muteremuko." Ya kushoto tulikuwa nayo. Pacha yake ya kuume hatukuwa nayo, tukaipata kwa mama mmoja wa upande wa pili wa soko ambaye hakuwa akisalimiana na koko yako tangu zamani. Alitupatia bila maneno aliposikia ni kwa nini. Na hilo nalo niliandike.

Baba yako akafunga kila kitu, akatoa hewa katika mirija, akabadilisha viatu vya breki pande zote mbili. Hakula siku ile.

Jumamosi asubuhi Papa Deo akasema mtoto wake haingii katika gari lile mpaka lishuke kwanza bila yeye. Baba yako akasema, "Nitashuka nayo miye." Papa Deo akakataa. "Gari ni yangu, mutoto ni wangu, mukono ni wangu." Basi koko yako akafungua mlango wa mbele akakaa kando yake, akavuta kitenge chake vizuri. "Miye nilizaa ule aliifunga," akasema. "Tushuke." Baba yako akaingia nyuma. Mimi nikataka kuingia pia, koko yako akanifungia mlango usoni.

Tulisimama getini, mimi, Noela katika nguo nyeupe na mama yake, mashangazi na vitenge vyao vya sare. Gari likashuka vizuri. Likafika kona ya kwanza. Nikaziona taa nyekundu za nyuma, nikajua amekanyaga, na gari lote likaruka upande wa kuume, likapanda ukingo, likaingia mtaroni kwa kishindo.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka tu kiatu changu kimoja kilibaki njiani. Koko yako alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma, wa upande wa juu, goti limechubuka, kilemba hakipo. Baba yako alikuwa anamshika. Hawakuumia, Mungu alituona. Papa Deo alikuwa bado amekaa kwenye usukani, macho wazi, mikono yake miwili imeuvuta usukani kuume mpaka mwisho.

Breki zilikuwa nzuri, mwanangu. Zilishika sawa, kushoto na kuume. Ni mikono yake. Miaka yote alikuwa anakanyaga na kuvuta kuume, kanyaga na vuta, mpaka mikono haikungoja aiambie. Gari lilikuwa limepona, na yeye bado alikuwa anaendesha ule ugonjwa.

"Hii sikuifikiria," koko yako akasema. Alirudia mara nyingi. "Hata miye. Hata miye sikuifikiria."

Noela alikuwa amefika na nguo amezikunja mkononi. Akaangalia gari, akaangalia baba yake, akavua viatu vyake vyeupe.

"Papa, nitashuka na miguu."

"Bibi arusi na miguu?" shangazi mmoja akalia. "Kutoka Bagira? Batu batasema nini?"

"Batasema alifika."

Na akaanza kushuka. Mashangazi wakatazamana, halafu mmoja akapiga kigelegele, ambacho kilitoka kibaya kwanza, na wote wakamfuata. Majirani wakatoka. Vijana wakaliinua gari kutoka mtaroni kwa mikono, na Papa Deo akalishusha polepole nyuma ya watu, tupu, bila bibi harusi, baba yako kando yake anamwambia kila kona, nilisikia kwa masikio yangu, "Achilia, Papa Deo. Usivute. Iko naenda yenyewe. Achilia." Padri alikasirika kwa kuchelewa. Noela alisimama mbele ya altare na tope mpaka kwenye magoti, na akaolewa.

Ndiyo sababu sikukujibu jana, mwanangu. Umenitumia picha ya gurudumu moja. Ningekuambia jina la kipande, ungekitafuta, ungekipata, na ungefikiri mama yako amekusaidia. Mimi nakuambia fungua na gurudumu la pili, na ya nyuma pia. Zilaze silenda zote kwenye kitambaa kimoja, upime kila moja kama vile hujaona nyingine, halafu ndipo unitumie picha. Gari la zamani limepita mikononi mwa watu ambao huwajui, waliofanya walichoweza siku waliyokuwa nayo, na si wote waliacha neno.

Na wewe mwenyewe itakufikia siku ya kuziba kitu kwa haraka ili mtu apone. Ziba. Sitakukataza, yule mjane bado anaishi. Lakini siku hiyo hiyo mwambie mwenye nacho, umwambie na mke wake, na mdogo wake, na kila atakayekishika baada yake, hata ukionekana msumbufu. Ukiona kitu ulichokiziba kinapita barabarani, usiombe kwamba mwingine alikitengeneza. Kimbia ukisimamishe. Ukiona uso wa mtu wako umebadilika, muulize, hata kama wewe ni mgeni nyumbani. Na kitu chako kikivuta upande mmoja kila siku, usijisifu kwamba umekizoea. Kisha kikipona, uipe na mikono yako muda wa kupona, ushuke mwanzo bila abiria.

Sijui kama nimesema vizuri. Baba yako anasema nimesema sawa.

Mwenyezi Mungu akushike kwenye kila mteremko, mwanangu, akupe miguu ya kusimama pale unapotaka kusimama na watu wa kukuambia ukweli kabla ya Jumamosi yako. Wote utakaowabeba wafike wazima, na wewe ufike nao. Amina.